Rali ya kimataifa Unguja au Pemba: mifumo minne na nani hubeba hasara

Kila Januari, picha za magari yanayoteleza kwenye barafu ya Monte Carlo zinapoanza kupita kwenye simu zetu, suali lile lile hurudi kwa wapenda magari wa Unguja na Pemba: kwa nini na sisi tusiandae rali ya kimataifa? Hoteli zipo, wageni wanakuja kwa mamia ya maelfu kila mwaka, barabara nyingi za shamba zimetiwa lami, na Kenya hapo jirani wameonesha kwamba jambo hili linawezekana Afrika Mashariki. Mimi ni mmoja wa wanaotaka liwe. Ndiyo maana nataka tulianze kwa suali ambalo wenzetu wa nchi za theluji wamelijua kwa kuumia: siku mambo yatakapoharibika, hasara itakuwa ya nani?

Na kuharibika ni lazima, kama si mwaka huu basi ujao. Rali haichezwi uwanjani. Inachezwa kwenye barabara za watu, chini ya mbingu isiyopokea amri, na bili nyingi huwa zimeshalipwa kabla gari la kwanza halijawashwa. Mwandaaji wa Uswidi anauza theluji asiyoimiliki. Mwandaaji wa Zanzibar atauza ukavu wa ardhi, nao hatuumiliki. Nimeichukua mifumo minne ya kuandaa rali, miwili ya nchi za baridi na miwili ya huku kwetu, nikaupima kila mmoja kwa suali hilo.

Monte Carlo: mshiriki ndiye anayebeba hali ya hewa

Rali ya Monte Carlo ilianza 1911, na mwenye nayo mpaka leo ni klabu moja, Automobile Club de Monaco, ambayo pia huandaa mbio za Formula One katika mitaa ya Monako. Monako yenyewe ina kilomita 2 za mraba na kidogo tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mashindano hufanyika ng'ambo ya mpaka, kwenye milima ya Alps ya Ufaransa, karibu na mji wa Gap na juu ya mlima Turini. Barabara ni za lami. Dereva huondoka bondeni kukiwa kukavu, akipanda akakuta maji, kwenye kivuli cha mlima barafu, kileleni theluji, kisha akashuka tena kwenye ukavu, na tairi ni zile zile alizoondoka nazo.

Kanuni za pale hazidai theluji iwepo. Isipoanguka, rali ipo. Ikianguka nyingi, rali bado ipo. Anayekesha ni timu: ichague tairi gani, ibebe za akiba za aina gani, imtume nani apite njia mapema aandike wapi pameganda ili msoma ramani anayekaa kando ya dereva arekebishe daftari lake la maelezo ya njia kabla ya kuondoka. Kwa maneno mengine, mwandaaji amelitengeneza shindano lake hivi kwamba kigeugeu cha hewa ndicho mtihani wenyewe, na gharama ya kigeugeu hicho inalipwa na anayeshindana. Mshiriki anakubali, maana kushinda Monte Carlo kunampa jina la maisha.

Fedha zinatoka kwa klabu yenye uwezo, kwa wadhamini, na kwa miji na mikoa ya Ufaransa inayotaka vyumba vyake vijae katikati ya Januari. Miji hiyo nayo inajua kwamba haina hati miliki: 2022 na 2023 kambi kuu ya mafundi ilikuwa Monako, 2024 ikarudi Gap. Na jina kubwa halikuikinga rali hii moja kwa moja, kwani kati ya 2009 na 2011 haikuwamo kwenye ubingwa wa dunia, ikachezwa katika mfululizo mwingine wa kimataifa.

Kitu kimoja hawakuweza kumtwisha mshiriki: watazamaji. Mwaka 2005 pale Turini watu waliokaa kando ya njia walirusha theluji kwenye lami, na madereva wa mbele wakaipata ghafla kwenye kona wakagonga. Usalama wa kando ya njia ni wa mwandaaji, iwe Alps au Micheweni ya Pemba.

Sisi hatuna jina la zaidi ya karne moja, kwa hiyo hatuwezi kuanzia na mfumo huu. Tunachoweza kuchukua ni ile hekima ya kutounda shindano ambalo likikosa hali fulani ya hewa linakufa.

Uswidi: mji mwenyeji ndio unaobeba

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye somo kubwa kwa visiwa.

Rali ya Uswidi ilianza 1950 ikiwa ya kiangazi, ikahamia majira ya baridi 1965. Barabara zake ni za msituni, za changarawe, lakini Februari changarawe haionekani. Inakuwa imefunikwa na barafu, na juu ya barafu theluji, na pembeni kuna kuta za theluji iliyosukumwa na magari ya kusafishia njia. Tairi zake ni nyembamba na zina misumari 384 kila moja, kila msumari ukichomoza milimita 7. Misumari hiyo inang'ata barafu kiasi kwamba gari linakwenda mbio juu ya kitu ambacho mimi na wewe tusingeweza kusimama juu yake, na dereva aliyezoea huegemeza gari kwenye ukuta wa theluji ili limalize kona. Tofauti na Monte Carlo, theluji hapa ndiyo barabara yenyewe. Barafu ikiyeyuka, misumari inachimba changarawe, inang'oka, tairi inabaki kipara, na barabara ya mwenye msitu inachanika.

Sasa fikiria uwe mwandaaji. Mikataba umeshasaini, vyombo vya kupimia muda vimeshafika, madaktari wameshapangwa, mahema ya wadhamini yameshasimamishwa, halafu wiki mbili kabla inanyesha mvua ya vuguvugu. Limewatokea. Mwaka 1990 rali haikufanyika kabisa kwa kukosa theluji. 2016 hatua kadhaa, yaani vipande vya njia vinavyopimwa muda, zilifutwa. 2020 ratiba ilikatwa vibaya mno, madereva wakacheza sehemu tu ya kilichopangwa. Kila mara tikiti zilishauzwa, vyumba vilishalipiwa, na mdhamini aliyelipia picha za theluji nyeupe alipata picha za matope.

Kwa miongo mingi makao ya rali hii yalikuwa Värmland, kwenye miji ya Karlstad na Torsby, na watu wa kule ndio waliolea kizazi baada ya kizazi cha wasimamizi wa njia, wapima muda na wapishi wa kambi. Kuanzia 2022 rali imehamia Umeå, mbali kaskazini, ambako baridi ni ya uhakika zaidi. Ukiwa mwandaaji, uamuzi huo ni sahihi. Ukiwa mwenye nyumba ya wageni Torsby, umeondokewa na wiki yako kubwa ya mwaka bila kosa lako. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, na ripoti za mafanikio ya rali za kimataifa huandikwa na watu waliobeba kanda la sufi.

Liko jambo jingine la nchi za baridi ambalo kwetu lina thamani kuliko yote. Mwaka 2021 corona iliizuia Rali ya Uswidi, na nafasi yake kwenye ubingwa wa dunia ikachukuliwa kwa haraka na Rovaniemi, Ufini, karibu na mstari wa Aktiki. Waliwezaje kwa muda mfupi vile? Kwa sababu wana rali yao ya nyumbani, Tunturiralli, tangu 1966. Njia walizijua, wenye ardhi waliwajua, wasimamizi walikuwa wameshafunzwa. Hawakujenga kitu kipya kwa ajili ya dunia. Dunia ilikuja ikakuta kipo.

Na kabla hatujavutiwa sana na misitu ya Umeå, tutazame hesabu moja. Mkoa wa Västerbotten, wenye mji huo, una watu takriban 5 kwa kila kilomita ya mraba. Zanzibar, kwa sensa ya 2022, ina watu 1,889,773, yaani zaidi ya 700 kwa kila kilomita ya mraba. Kule kufunga kilomita 20 za msitu ni kuweka utepe kwenye njia chache za kuingilia. Kwetu, kilomita 20 za barabara ya shamba zina vijia vya kwenda visimani, vya kwenda skuli, vya kwenda msikitini, milango inayofunguka barabarani moja kwa moja, na mbuzi wasiosoma tangazo. Kila kijia kinataka mtu mwenye redio na kizibao. Raundi ya ubingwa wa dunia ina kama kilomita 300 za kushindana, na Unguja kutoka ncha hadi ncha ni kama kilomita 85. Hapo ndipo ndoto ya ubingwa wa dunia kisiwani inapoishia, na ni vyema iishie kwenye karatasi kuliko barabarani.

Safari: hazina ya serikali ndiyo inayobeba

Rali ya Safari ilianza 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wetu waliokuwa Tanga na Dar es Salaam miaka hiyo wanaikumbuka. Magari yalikimbia kwenye barabara zilizo wazi, na baadaye timu tajiri zikawa na helikopta zinazotangulia angani kumwonya dereva juu ya lori au ng'ombe aliye mbele. Ubingwa wa dunia ulipoanza 1973 Safari ilikuwamo, na dereva Shekhar Mehta aliishinda mara 5. Baada ya 2002 ikatolewa, kwa kuwa fedha na maandalizi havikufikia kinachotakiwa. Kurudi kulichukua karibu miaka 20: mashindano ya kupimwa 2019, corona ikaifuta 2020, na mwishowe Juni 2021 magari yakarejea, kambi ikiwa Naivasha.

Aliyeirudisha ni serikali ya Kenya. Hazina ililipa, polisi wakapangwa, barabara zikatengenezwa. Huu ndio mfumo ambao watu wengi hapa huufikiria wanaposema tuige Kenya, na nguvu yake ni ya kweli: serikali peke yake ndiyo inayoweza kuleta helikopta za uokozi, hospitali iliyo tayari na askari wa kutosha kwa siku nne mfululizo. Safari ya leo haichezwi tena kwenye barabara zilizo wazi. Inachezwa kwenye njia zilizofungwa, nyingi zikiwa ndani ya mashamba makubwa na hifadhi kama Kedong na Soysambu, ambako unazungumza na mwenye ardhi mmoja kwa eneo ambalo kwetu lingekuwa shehia kadhaa. Anayesema tuige Kenya aseme pia Kedong yetu iko wapi.

Mfumo huu unaponitia shaka ni pale bajeti inapobana. Tangu 2024 Safari inachezwa Machi, mvua zikikaribia au zimeshaanza, na matope yameongeza gharama kwa kila mtu. Hasara inakwenda hazina, yaani kwa mlipa kodi ambaye huenda hajawahi kuiona Naivasha. Serikali ya Mapinduzi tayari imetia fedha kwenye Uwanja wa Amaan, ambao uliwahi hata kupokea mechi za CHAN Agosti 2025, na Tanzania iko kwenye maandalizi ya AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Uwanja hutumika mwaka mzima. Barabara iliyofungwa kwa rali hutumika siku tatu, na baada ya hapo inahitaji ukarabati. Nikiwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi ningeuliza hayo, na ningekuwa na haki.

Halafu kuna jambo ambalo visiwa vinalijua vizuri kuliko Naivasha. Sauti za Busara ni tamasha linalojulikana duniani, limekuwa likijaza Mji Mkongwe kila Februari tangu 2004, na bado 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Vyumba viliwahi kujaa kwa ajili yake, teksi zilifanya kazi, mikahawa iliuza. Faida ilitawanyika kwa wengi, gharama ikabaki kwa mmoja. Rali itakuwa hivyo hivyo, na kwa ukali zaidi, maana tamasha lina geti la Ngome Kongwe la kukatia tikiti, na barabara ya Chwaka haina geti.

Magari ya zamani: washiriki wenyewe ndio wanaobeba

Mfumo wa nne unaonekana mdogo, na ndio ninaoupendekeza.

Tangu 2003 iko East African Safari Classic Rally, ya magari ya zamani, iliyozaliwa kuadhimisha miaka 50 ya Safari. Katika matoleo kadhaa imevuka mpaka hadi Tanzania. Wanaoshiriki wengi ni watu wenye uwezo wanaopenda magari ya kale, na wanalipa ada kubwa kushiriki. Hawangoji mdhamini wala runinga. Wanakuja kwa sababu wanataka kuendesha, nao huja na mafundi, familia na wiki ya mapumziko baada ya mbio. Chanzo cha fedha ni mtu mwenyewe anayefurahia, na analipa kabla.

Ila ile ni ya mwendo kasi, na mwendo kasi kwetu nimeshasema. Hapa ndipo nchi za baridi zinapotusaidia tena. Klabu ile ile ya Monako huandaa pia Rallye Monte-Carlo Historique, tangu 1998, kwa magari ya zamani. Haigombewi kwa kasi. Barabara ziko wazi kwa watu wote na sheria za barabarani zinafuatwa. Unapewa wastani wa kuendesha, usiozidi kilomita 50 kwa saa, na kando ya njia kuna vituo vya siri vinavyopima kama umepita kwa sekunde sahihi. Ukiwahi unakatwa alama, ukichelewa unakatwa alama. Ubora unatoka kwa dereva mtulivu na msoma ramani mwenye hesabu nzuri. Kwenye barafu ni kazi ngumu. Kwenye vilima vya Pemba, kilomita 40 kwa saa kamili kwa saa moja, huku unapisha punda na baiskeli, nayo si kazi nyepesi.

Ukiuchukua utaratibu wa fedha wa Safari Classic na kanuni za Monte-Carlo Historique, ukaviunganisha, unapata rali ya kutunza muda ambayo haihitaji kufunga barabara, haihitaji helikopta, na ikinyesha mvua inaendelea. Hasara ikitokea ni ya washiriki waliolipa wakijua. Gharama kubwa inayobaki ni waratibu, vyombo vya kupimia, gari mbili tatu za wagonjwa, na bima. Juu ya bima niseme wazi: bima ya kawaida ya gari mara nyingi hailipi gari likiwa mashindanoni, hata yawe ya mwendo mdogo. Kampuni ya bima iulizwe kwa maandishi, na jibu lipatikane kwa maandishi, kabla ada ya kwanza haijapokelewa.

Anayetaka kelele za injini na vumbi ataona huu ni mchezo baridi. Namwelewa, na mimi napenda vumbi. Lakini Mei 2014 huko Uskoti, nchi yenye uzoefu wa miongo mingi, watazamaji watatu walikufa katika rali moja ya mwendo kasi. Kisiwa kinachoanza, chenye hospitali chache za kupokea majeruhi mahututi na bahari kati yake na Muhimbili, hakina haki ya kuanzia hapo.

Kisiwa gani, mwezi gani

Unguja ina vyumba, ina uwanja wa ndege wa kimataifa, ina Bandari ya Malindi ya kushushia makontena. Ina pia foleni za magari ya watalii asubuhi, na barabara ya kusini inapita Jozani, ambako matuta yamewekwa ili kima punju wasiendelee kugongwa. Njia yoyote ya mashindano isipite Jozani, hata ya kutunza muda. Ninazoziona zinafaa ni za kaskazini na katikati: Mahonda, Mkokotoni, Kinyasini, kurudi kwa Dunga.

Pemba ndiyo yenye barabara. Vilima na mabonde kuanzia Mtambile hadi Chake Chake, kona za kuelekea Wete, njia ya Konde inayoingia kivulini mwa msitu wa Ngezi, hakuna kitu kama hicho Unguja. Magari ni machache. Kinachokosekana ni vyumba, na hilo kwa rali ya magari 20 au 30 si tatizo, kwa rali ya magari 80 ni tatizo lisilo na dawa. Gari linalotoka nje litashushwa Dar es Salaam au Malindi, kisha livuke hadi Mkoani kwa meli inayobeba magari, na bahari ya kusi katika mkondo wa Pemba huchafuka, kwa hiyo magari yavushwe siku kadhaa kabla. Hospitali ya Abdulla Mzee iko pale pale Mkoani, jambo linalofaa kwa siku ya kwanza na ya mwisho.

Pemba ina sharti lake moja ambalo hakuna kitabu cha kanuni za rali kinachoweza kulijua. Nusu ya pili ya mwaka, karafuu zinapovunwa, mikeka huanikwa kando ya barabara na mara nyingine juu ya lami yenyewe. Ni mshahara wa familia wa mwaka mzima. Rali ikipita wakati huo, mratibu atakuwa anawaomba watu waondoe riziki yao ili wageni wacheze, na watakuwa na haki ya kukataa.

Kwa hiyo mwezi. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, ardhi ni kavu na wazungu wanakimbia baridi yao, lakini hoteli za Unguja zimeshajaa bila msaada wa rali, na kwa miaka hii hadi karibu 2030 Ramadhani inaangukia kati ya Januari na Machi. Machi hadi Mei ni masika, hoteli zina nafasi na barabara za kifusi zimezama. Kuanzia Julai wageni wanarudi kwa wingi na karafuu zinaanza. Linalobaki ni dirisha la nusu ya pili ya Juni: masika yamekwisha, Ramadhani na Idd zote mbili zimeshapita, hoteli bado zina vyumba, mikeka haijaanikwa. Mbio zichezwe Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa 1 hadi saa 5 asubuhi, ili wanafunzi wasiwe njiani na adhuhuri ikute barabara zimetulia.

Kama unataka kuamua

Mwenye hoteli anayefikiria kudhamini asilipie jina lake kwenye bango. Atoe vyumba kwa bei ya Juni na apate kwa mkataba idadi ya usiku ambao washiriki watalala kwake. Hiyo ndiyo faida anayoweza kuihesabu.

Klabu ya magari inayotaka kuanza ianze na Watanzania na Wakenya, pamoja na daraja la magari ya kawaida ya nyumbani, maana kijana wa Chake mwenye Vitz na mwenzake anayejua hesabu anaweza kumshinda tajiri wa Porsche katika mchezo huu, na hilo litawaleta watu barabarani kuliko tangazo lolote. Kabla ya kuwaalika wa mbali, klabu ipitie Automobile Association of Tanzania (AAT), kwa sababu shirikisho la dunia la magari, FIA, hutambua chombo kimoja cha michezo kwa kila nchi. Tuliona 2017 jinsi Zanzibar ilivyopewa uanachama wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Machi, ukaondolewa Julai. Tusilianzishe shauri hilo upya kwenye magari, itapotea miaka.

Masheha wa kila shehia inayopitiwa waandikiwe miezi mitatu kabla, na wasimamizi wa njia wachukuliwe kutoka shehia hizo hizo, wafundishwe, walipwe. Mtu anayejua mtoto wa nani huvuka wapi ana faida kubwa kuliko mgeni mwenye redio ya bei ghali.

Serikali, nayo, nisingeiomba fedha mwaka wa kwanza. Ningeiomba vibali vya forodha vya kuingiza magari kwa muda vitoke kwa wakati, polisi wa usalama barabarani, na barua moja inayosema nani ana mamlaka ya kusimamisha mashindano kukiwa na hatari. Baada ya matoleo matatu bila majeruhi na bila deni, ndipo iombwe kitu kikubwa zaidi: hatua moja fupi ya mwendo kasi, kilomita 4 au 5, kwenye kifusi kisicho na nyumba, chini ya kibali cha AAT, na fungu la fedha la kurudisha barabara hiyo kama ilivyokuwa likiwa limeshawekwa benki kabla ya injini kuwashwa.